Dale bila Gardefu: Tupime Juu ya Nyumba Zetu Kabla ya Likizo Kubwa



Likizo kubwa inakaribia. Mwanzoni mwa Julai masomo yatafungwa, na watoto watabaki nyumbani mpaka Septemba. Ni majira yale yale ambayo mvua inakatika hapa Bukavu. Mihogo inaanikwa, nguo zinakauka kwa nusu siku, na jioni upepo wa ziwa unatuita tutoke nje. Zamani tulitoka uani. Siku hizi, katika parseli nyingi za Kadutu, Panzi au Bagira, hakuna ua tena. Kuna dale.

Sote tunajua dale inavyozaliwa. Baba amepata parseli ndogo, hana pa kupanukia kulia wala kushoto, basi anajenga chini vyumba vitatu na kumwaga betoni juu. Anaacha vyuma vimesimama kwenye nguzo, anasema etaji itafuata Mungu akisaidia. Miaka mitano inapita, pengine kumi. Etaji haijafika, lakini dale imekwisha kuwa mahali pa kuishi: kamba za nguo, tangi la maji, mihogo juu ya hema, kijana anayetafuta rezo ya simu, watoto wanaokimbizana. Siku ya arusi tunapanga hata viti huko. Ni ua kamili, ila hauna ukuta, na pembeni yake ni mita tatu, nne, pengine saba za kuanguka.

Ile kuta fupi au vyuma vinavyozunguka dale, balkoni na ngazi, mafundi wetu wanaviita gardefu. Juma hili tunataka tuongee juu ya hiyo gardefu tu: iwe na urefu gani, ijengwe namna gani, na nani anapaswa kuilipa.

Sababu ni mtoto mmoja wa masomo yetu, wa mwaka wa tatu wa msingi. Hatutamtaja jina. Alipanda juu ya dale kuondoa nguo mvua ilipotishia, mdogo wake akiwa mgongoni. Alikuwa anakunja shuka, na sote tunajua namna shuka kubwa inavyokunjwa na mtu mmoja: unainua mikono, unarudi nyuma hatua moja. Hatua ile haikukuta betoni. Walianguka juu ya migomba ya jirani, ndiyo maana leo tunaandika juu ya mkono uliovunjika, si juu ya kitu kingine. Mama yake alipokuja kumwombea ruhusa, alitwambia, "Madamu, nilimwambia aangalie mtoto. Na kweli, alikuwa anamwangalia mtoto."

Tangu siku ile baadhi yetu tulinunua metro ya mita 5, tukamwomba fundi masoni mmoja wa kartie atusindikize, tukaingia katika parseli za wenzetu waliotukubalia. Tulipima na kuuliza. Mengi ya hapa chini tumeyatoa huko, mengine katika kanuni za ujenzi ambazo wahandisi wetu wamesoma, maana wengi wao wamefundishwa kwa vitabu vya Kifaransa na vya Kibeljiji.

Tuanze na urefu. Kanuni ya Ufaransa inasema kwamba mahali popote ambapo mtu anaweza kuanguka zaidi ya mita 1, lazima pawe na gardefu, na gardefu hiyo isipungue mita 1. Uingereza inadai mita 1.10 kwa balkoni na ukingo wa dari. Kanuni inayotumika sehemu nyingi za Marekani inaanza kudai gardefu pakiwa na sentimeta 76 tu za kuanguka, na kwa majengo ya watu wengi inataka urefu wa mita 1.07 hivi. Mnaona kwamba nchi hizo hazikusemezana, lakini zote zimefika karibu mahali pamoja. Mwili wa mtu mzima una uzito wake wa katikati karibu na kitovu. Kizuizi kikiishia chini ya hapo, kinakugonga mapajani na kukusaidia kupinduka, badala ya kukushika. Ule ukuta wa matofali mawili au matatu ambao tumeuona juu ya dale nyingi, wenye sentimeta 40 au 60, haumlindi mtu mzima. Unamlinda kuku.

Sisi tunapendekeza mita 1.10, na tutaeleza baadaye kwa nini hata mfuko wa baba utaikubali.

Kuna wanaotuambia kwamba zile nyumba za zamani kando ya ziwa, zilizojengwa wakati mji unaitwa Costermansville, zina kuta fupi juu ya mabaraza na hakuna aliyekufa. Kanuni ya Wafaransa inaruhusu kushuka mpaka sentimeta 80, lakini ikiwa tu ukuta wenyewe una unene wa zaidi ya sentimeta 50. Ukuta mnene hivyo huwezi kuupinduka kwa urahisi, maana tumbo linalala juu yake kwanza. Ukuta wa bloko ya sentimeta 15 si ndugu yake.

Sasa nafasi kati ya chuma na chuma. Hapa ndipo tulipopata mshangao mkubwa, kwa sababu gardefu nzuri sana za chuma, zenye maua na rangi ya dhahabu, ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Kipimo cha Ufaransa ni sentimeta 11 kati ya vyuma vilivyosimama. Wamarekani wanasema mpira wa sentimeta 10 usipite. Hawakuchagua namba hizo ovyo. Mtoto mdogo anapojipenyeza, anatanguliza miguu; kiwiliwili kinapita kwa sababu ni laini, kichwa kinabaki. Atakuwa ananing'inia kwa shingo. Kwa hiyo nafasi ya sentimeta 15, ambayo kwa macho yetu inaonekana ndogo, ni hatari kuliko tunavyofikiri.

Hauhitaji vyombo kupima hilo. Mwambie mtoto wako mkubwa atengeneze mpira wa matambara wenye upana wa sentimeta 11, aupime kwa rula ya masomo. Pita nao kwenye gardefu yote na kwenye ngazi. Popote unapopita, funga: trelisi, ubao, hata chuma kimoja cha kuongeza katikati.

Na vyuma visimame, visilale. Vyuma vinavyolala vinapendeza na vinatumia soda chache kwa fundi wa chuma, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni ngazi. Anaweka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha anaketi juu akitazama magari ya chini. Jambo hili la ngazi linatuhusu hata sisi tulio na ukuta mzuri. Bidoni ya litri 20 ina urefu wa karibu sentimeta 40. Ukiiweka chini ya ukuta wa mita 1.10, umebakiza sentimeta 70. Tulikuta parseli moja ambayo bayeri alijenga vizuri kabisa, ukuta hauna kasoro, na wapangaji wakapanga mabidoni yao yote kuuzunguka kama benchi la kanisa. Mabidoni, viti, mabeseni ya kufulia, mawe ya kushikilia hema la mihogo: vyote vikae katikati ya dale.

Kuna jambo ambalo vitabu vya nchi za tambarare haviongei sana, na kwetu ndilo la kwanza. Mji wetu ni vilima. Nyumba imechimbwa katika mteremko. Ukiitazama kutoka barabara ya chini, ni etaji mbili, lakini kwa nyuma dale yake iko sawasawa na njia ya wapita kwa miguu. Mtoto hahitaji kupanda ngazi yoyote. Anatoka njiani, anapiga hatua, yuko juu ya nyumba ya watu. Tuliona watoto wa jirani wakipita juu ya dale kwa kukata njia kwenda kuchota maji, na mwenye nyumba yuko chini anapika, hana habari. Wenye nyumba za namna hii hutwambia, "Dale yetu iko chini, haina shida." Urefu wa kuanguka unapimwa upande ambao ardhi iko chini zaidi, si upande unaoingilia. Nyumba ya namna hii inahitaji gardefu upande wa bonde, na mlango au kizuizi upande wa njia.

Vivyo hivyo kuta za mawe zinazoshikilia udongo kati ya parseli na parseli. Mtu amekata mlima, amejenga ukuta wa mawe wa mita 3, ua wa juu unaishia hapo hapo kwenye jiwe la mwisho. Hiyo si dale, lakini mguu wa mtoto haujui tofauti, na kanuni nazo hazitofautishi: penye kuanguka, pawe na kizuizi.

Turudi kwa mafundi, maana gardefu mbaya inaweza kuua kuliko kukosa gardefu. Wale waliokuwa Bukavu Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, hawajasahau. Tetemeko la nguvu 5.9 lilitikisa mji wetu na wenzetu wa Rusizi ng'ambo ya mto, watu walikufa, nyumba zilipasuka. Mji wetu umekaa juu ya bonde la ufa, itatokea tena. Ukuta uliosimama peke yake juu ya nyumba, haukufungwa na kitu, ni katika vitu vya kwanza kuanguka dunia ikitikisika, na unaangukia wale wanaokimbia kutoka mlangoni. Kwa hiyo usimkubalie fundi anayepanga bloko juu ya dale kwa udongo na simenti tu. Anapaswa kuweka nguzo ndogo za betoni, si mbali kuliko mita 2 moja na nyingine, zenye chuma kinachoshuka na kushikwa ndani ya dale au ndani ya mhimili. Juu kabisa afunge kwa mkanda wa betoni unaozunguka.

Uzito pia uangaliwe. Ukuta wa bloko wa urefu huo una kilo 200 hivi kwa kila mita moja ya urefu wa kuzunguka. Ukisimama juu ya mhimili na kuta za chini, hakuna neno. Lakini dale nyingi zimetokeza nje kama kofia, nusu mita au zaidi, na mwisho wa kofia hiyo haukutengenezwa kubeba ukuta. Hapo rudisha ukuta nyuma, juu ya nyumba yenyewe, ama weka mabomba ya chuma ambayo ni mepesi. Bomba nalo lishikwe vizuri: kanuni ya Marekani inataka gardefu ivumilie mtu wa kilo 90 akiiegemea kwa uzito wake wote mahali pamoja. Vijana wawili wakicheza dansi siku ya arusi wanazidi hapo.

Halafu matundu ya maji. Ukizungushia dale ukuta bila matundu, umejenga bwawa juu ya vitanda vya watoto wako. Mvua ya Bukavu tunaijua. Fundi aache mirija chini ya ukuta, ya kutosha, na ielekee kwenye mfereji, isimwagie jirani wa chini; ugomvi wa maji kati ya parseli umekwisha kutosha.

Sasa mfuko. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 8. Kuzunguka kwake ni mita 36. Bloko moja ina sentimeta 40 kwa 20. Pamoja na simenti ya katikati, hesabu 42 kwa 22. Mstari mmoja utachukua bloko 86, na mistari mitano inakupa mita 1.10. Jumla ni bloko 430, ongeza kidogo kwa zile zitakazovunjika, na toa zile za nguzo na mlango. Si kitu kidogo kwa mama anayeuza samaki wadogo sokoni, tunakubali. Lakini hapa kuna jambo ambalo fundi wetu alitufumbua macho. Mita 1.10 ndio urefu wa kawaida wa ukuta chini ya dirisha. Ukijenga gardefu yako kati ya vile vyuma vinavyosubiri, juu ya kuta za chini, siku etaji itakapokuja hautabomoa. Utaendelea kupandisha pale pale. Hujapoteza bloko hata moja. Umetangulia kununua sehemu ya etaji. Mwambieni baba hivyo, kwa saa nzuri, baada ya kula. Wengi wanakataa gardefu kwa kuwa wanafikiri ni mafranga ya kutupa.

Na vile vyuma vyenyewe vinavyosubiri, msivikate. Lakini macho ya mtoto yako sawasawa na ncha zake. Vifunikwe kwa ubao uliopigiliwa pamoja au vikunjwe na fundi. Chupa ya plastiki inasaidia kuviona tu, haimzuii aliyeangukia juu yake.

Wenye kupanga wanatuuliza: na sisi ambao nyumba si yetu? Tangu amri ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, kujenga mjini ni jambo la kuomba ruhusa, na mwaka 2013 wizara ilitoa masharti mapya ya kibali cha kujenga. Mchoro unapelekwa kwa ofisi ya Urbanisme na Habitat kabla ya jiwe la kwanza. Sote tunajua ni nyumba ngapi za vilimani zimepita njia hiyo. Lakini asiyekuwa na kibali hajatoka mikononi mwa sheria. Kitabu cha tatu cha sheria ya raia, cha 1888, kinasema katika kifungu cha 259 kwamba kila mtu anajibu kwa hasara aliyoileta kwa uzembe au kwa kutokuwa mwangalifu, si kwa tendo lake tu. Kifungu cha 262 kinamwajibisha mwenye jengo likibomoka kwa kutotunzwa au kwa kasoro ya ujenzi. Na sheria ya adhabu inamwadhibu anayeua au kujeruhi mtu bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Bayeri anayejua kwamba watoto wa wapangaji sita wanacheza juu ya dale yake bila gardefu hawezi kusema hakujua.

Hatusemi muanze na mahakama. Muanze na heshima. Wapangaji wote waende pamoja, si mmoja mmoja, maana anayekwenda peke yake anaonekana mkaidi na mwezi ujao anaambiwa atoke. Muende na metro na hesabu ya bloko mkononi. Katika parseli moja bayeri alikubali kutoa bloko na simenti, wapangaji wakatoa kazi ya kubeba na chakula cha mafundi. Akikataa kabisa, kuna shefu wa avenyu, kisha wa kartie, kisha huduma ya Habitat ya komini, ambayo ndiyo inasikiliza mashauri ya kupanga.

Tusidhani kwamba kwa wazungu jambo hili lilijitokeza lenyewe. Katika New York, mji wa maghorofa, watoto walikuwa wanaanguka kutoka madirishani, hasa majira ya joto, hasa katika makartie ya maskini. Mwaka 1972 idara ya afya ya mji ilianzisha kampeni, jina lake kwa lugha yetu ni Watoto Hawawezi Kuruka. Wafanyakazi wa afya walipita nyumba kwa nyumba, wakiongea na wazazi na kuwapa vizuizi vya chuma vya madirisha. Katika Bronx, kutoka 1973 mpaka 1975, idadi ya watoto walioanguka ilipungua kwa nusu. Kisha, mwaka 1976, mji ukawalazimisha wenye nyumba kuweka vizuizi popote penye mtoto wa miaka 10 au chini. Watu walianza, sheria ikafuata. Na zamani zaidi ya New York, wale wanaosoma Torati wanajua kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari yake, ili damu ya mtu isiwe juu ya nyumba.

Kwa jamaa ambazo hazitapata bloko kabla ya Julai, kuna kazi ya juma hili isiyohitaji simenti. Wekeni mlango juu ya ngazi, hata wa mbao za masanduku, na komeo liwe upande ambao mkono wa mtoto haufiki. Sogezeni kamba za nguo katikati, mita 2 kutoka ukingo, ili anayekunja shuka arudi nyuma juu ya betoni. Chokeni mstari mweupe wa chokaa mita 1 na nusu kabla ya ukingo na kuwaambia watoto kwamba dale inaishia hapo. Haumzuii mdogo, lakini mkubwa anayemlinda anajua pa kusimama. Miti ya mikaratusi iliyofungwa na trelisi inasaidia kwa msimu mmoja, mradi imeshikwa kwenye vile vyuma vya nguzo, haikuegemezwa tu. Kamba peke yake haisaidii kitu, tusidanganyane. Na mtoto wa miaka minane au tisa asipandishwe juu na mdogo mgongoni, hata kama nguo zitalowa.

Metro yetu iko kwa mama mtunza sanduku. Anayeihitaji aichukue Jumamosi baada ya mkutano na kuirudisha kabla ya Jumatano, na aandike katika daftari urefu alioukuta. Kurasa mbili za kwanza zimekwisha kujaa.